Kamba ya Saa Tisa

Kaka Masanja,

Sijui kama marehemu anaamkiwa, lakini mkono umezoea, basi shikamoo. Naandika nikiwa nyuma ya kaunta, dukani kwa Baba Shabir, hapa hapa Shinyanga mjini ulipotuacha. Nimevaa sweta mchana wa jua kali. Tangu jana nina homa, na ninaificha.

Naificha kwa sababu nikifa mimi, mama yako watamuua. Nimeandika hivyo kisha nikaiweka kalamu chini, maana nilikuwa sijawahi kuyaona maneno hayo yameandikwa. Ngoja nikueleze ilivyokuwa kabla kichwa hakijazidi kugonga. Ulikuwa ukinicheka kwamba Milembe akiogopa anasimulia kuanzia mkiani, na leo nitajitahidi nianzie kichwani.

Tulikuzika Samuye, nyuma ya nyumba ya mama yako, karibu na zizi. Malaria ilikupanda kichwani upesi mno. Watu waliofika msibani walikuwa bado wanaulizana kama ni wewe kweli, yule waliyemwona gulioni akibishana bei ya kandambili. Unakujua kwetu. Kifo cha haraka namna ile hakiachwi kipite hivi hivi, lazima atafutwe mtu wa kukibeba.

Duka lilipofunguliwa baada ya mazishi nilikuta wateja wamejaa. Kulikuwa na watu wa faksi, mama mmoja na karatasi zake za kupigwa taipu, na Maduhu, yule mchimbaji mliyechimba naye Bulyanhulu kabla hujaingia mambo ya kompyuta. Alikuwa anasubiri ujumbe wa mnunuzi wake wa dhahabu kutoka Geita. Mimi nilikuwa nimeinamia droo natafuta stempu. Ikafika saa tisa. Modemu ikachukua laini ya simu yenyewe, ikalia ule mlio wake wa mabati kukwaruzana, ikanyamaza. Halafu wewe ukasema, kwa Kisukuma na wazi kabisa, kutoka kwenye spika zilizo juu ya rafu, "Mhola duhu."

Nilijua ni nini. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka sasa. Mimi uliyenifundisha kazi hapa dukani, ukawa kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja, niliyekuwepo siku sauti ile inaingizwa, nilijikuta chini ya kaunta nimekumbatia ndoo ya taka. Mama wa taipu alitoka mbio akaacha kiatu kimoja. Maduhu hakukimbia. Alibaki amesimama, midomo imemkauka, akasema polepole, "Huyo yuko chini. Na huyo anayecheka juu ni nani?"

Niache nisimulie Kamba ilivyozaliwa, ingawa wewe ndiye uliyeizaa. Nikiisimulia hofu inapungua kidogo.

Unakumbuka ile kompyuta ya kwanza, yenye mfumo ule wa kununua. Kupata imeli ilikuwa lazima ipige simu ya mbali mpaka Mwanza, na ikishapata inasahau kukata. Au mvua inanyesha, laini inakatika huko porini, lakini yenyewe kwenye kioo bado inadai imeunganishwa. Baba Shabir alikuwa anasimama nyuma yetu anaguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Ndipo ukarudi kutoka Dar na zile sidii za Linux alizokupa rafiki yako wa chuoni. Mfumo wa bure, ukasema, na matumbo yake yote yako wazi. Anayejua kusoma anausoma, na anayejua kurekebisha anarekebisha. Nilikucheka nikasema kitu cha bure kina kasoro yake mahali. Ukauweka kwenye mashine chakavu ambayo hakuna aliyeitaka, na ukafanya kazi.

Ila kuunganisha kulitaka kuandika amri ndefu, nukta hapa, mkwaju pale. Mimi nikiogopa vidole vinakimbia, naweka nukta pasipo na nukta, inagoma. Hukunigombeza. Ulikaa wiki nzima unaguguna penseli, ukatengeneza kidirisha kidogo chenye vitufe viwili tu, Unganisha na Kata. Chini yake uliweka mstari mmoja unaoeleza kwa Kiswahili kazi imefika wapi. Ukakiita Kamba.

Jina ulilitoa kwenye duara, lile shimo la wachimbaji. Anayeshuka duarani hushushwa kwa kamba, na juu hubaki mwenzake ameishika. Akigusa chini anaivuta kidogo na kupaza sauti kwa Kisukuma, "Mhola duhu," salama tu, ndipo aliye juu anavuta pumzi. Asiposikika, wanaanza kumvuta. Ulinieleza hayo huku unakula muhogo, kama mtu anayeeleza jinsi ya kufunga kamba za viatu, na mimi wangu nikauweka chini.

Basi kidirisha kikawa kinasema: Kamba inashuka. Kamba imekaza. Kamba imekatika, najaribu tena. Kila alasiri, laini zinapopoa, ikawa inajipigia yenyewe Mwanza. Inatuma imeli zote zilizosubiri, inazichukua za kwetu na kukata papo hapo. Na ikishafika kule, ili tusiache kazi zetu kwenda kukodolea kioo, inasema kwa sauti yako. Ulijirekodi kwa maiki ya redio kaseti ya Shabir. Mara ya kwanza jogoo wa jirani aliingilia. Mara ya pili ulikohoa. Mara iliyokubali, mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitenge kujizuia na nikashindwa, ndiyo maana nyuma ya maneno yako, ukisikiliza vizuri, kuna mwanamke anacheka.

Kicheko hicho, kaka. Kicheko changu ndicho kilichopeleka hatari nyumbani kwenu.

Sikumwelewa Maduhu siku ile. Nilitoka chini ya kaunta nikamwambia ni mashine tu, akaitikia kwa kichwa, akaondoka bila ujumbe wake. Nikapunguza sauti ya spika mpaka mwisho. Kesho yake Baba Shabir akaipandisha tena bila kuniambia, na saa tisa nikamkuta amesimama chini ya rafu, kofia mkononi. Alisema anataka kukusikia kidogo tu. Sikuwa na moyo wa kumkatalia, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nangoja saa hiyo ifike.

Siku ya kuanua tanga nilikwenda Samuye. Mama yako alikuwa amepika chungu kikubwa cha nyama ya mbuzi, na ugali umepangwa kwenye masinia. Wageni walikuwepo wa kutosha. Hakuna aliyekula. Walikuwa wanakaa upande wa pili wa uwanja wanatazama miguu yao, na watoto walipokimbilia chakula mama zao waliwavuta kwa masikio. Mama yako alikuwa jikoni peke yake anapuliza moto. Macho yake unayajua, miaka yote ile ya kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe, mekundu, yanatiririka. Siku zote yalikuwa macho ya mama anayepika. Siku ile niliona watu wanavyoyatazama, kama macho ya mchawi.

Shangazi yako mmoja ndiye aliyeninong'oneza. Maduhu amesimulia kila kitu kilabuni. Masanja hakufa, Masanja amechukuliwa, yuko chini ya shimo anachimbishwa dhahabu. Anapaza sauti kila siku saa tisa kwamba amefika, na juu kuna mwanamke ameishika kamba, anacheka. Na mwanamke gani angeweza kumchukua mtu mzima na akili zake kama si aliyemzaa?

Nilipoingia kumuaga mama yako alinionyesha kitu alichokuta mlangoni alfajiri. Kipande cha kamba ya katani, kimekatwa kwa panga, kata moja safi. Alikuwa amekihifadhi kwenye kapu la vitunguu kwa sababu, alisema, kamba nzuri haitupwi. Huku kwetu wewe na mimi tunajua wanawake walioletewa alama kama hiyo, na tunajua hawakuletewa mara ya pili. Hata yeye alijua. Ila hakuniuliza habari ya kamba. Aliniuliza, "Eti ni kweli mwanangu anaongea huko mjini?"

Nilirudi mjini. Nilimwambia Baba Shabir naifuta sauti leo leo. Yeye ndiye aliyenizuia, na alikuwa na akili. Alisema, "Binti, ikinyamaza watasema mama kamfunga mdomo. Waje waone." Alikuwa anaogopa vilevile, ana duka, ana watoto, na babu yake aliingia mji huu na mzigo wa vitambaa kichwani. Hakuna mtu anayejua kama yeye jinsi mji unavyoweza kukugeukia. Lakini alitoa pikapu yake.

Walikuja mama yako, baba yako mdogo, jirani zenu wawili, na Maduhu. Baba Shabir aliwapa soda, wakazishika bila kunywa. Nilifungua kidirisha chako nikawaeleza kila hatua, hii ni laini, huu ni mlio, huku ni Mwanza, na nilisikia sauti yangu ikikimbia kama ya mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikabonyeza Unganisha. Kamba ikashuka. Ikakaza. Ukasema, "Mhola duhu," na mimi nyuma yako nikacheka.

Mama yako alisimama. Akaitika, mbele yao wote, "Mhola, ng'wanone," mwanangu. Nilimwona jirani mmoja akisogea mlangoni. Nilimwona Maduhu akishika kifua. Mama yako alikuwa ameshajihukumu kwa mdomo wake. Mchawi ndiye anayeongea na aliyemchukua.

Sikujua la kufanya, nikafanya lile pekee ambalo mikono inalijua. Nikabonyeza Kata, nikabonyeza Unganisha tena. Ukasema vilevile. Akaitika tena, akaongeza swali, kama umekula. Hukumjibu. Nikarudia. Akakuita kwa jina la utotoni, lile ambalo ulinikataza nisilitamke hapa dukani. Ukasema, "Mhola duhu," na kicheko mahali pale pale, kirefu vile vile. Alikaa chini. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia baba yako mdogo. "Huyu si mwanangu," alisema. "Mwanangu nikimwita anaitika."

Nadhani kama si kile kicheko yangeishia pale. Baba yako mdogo ni mtu wa haki lakini mwoga wa watu, akauliza anayecheka ni nani basi. Nikasema ni mimi. Wote wakanigeukia, kaka, macho yale yale waliyokuwa wanamtazamia mama yako, na nikaelewa siku ile jinsi yanavyopoza mgongo. Wakaniambia nicheke. Nikacheka. Kikatoka kitu kama kikohozi cha mbuzi, hakikufanana hata kidogo na kile cha kwenye spika. Nani anaweza kucheka kwa amri, na panga liko njiani?

Ndipo Maduhu akasema neno lake. "Kama inashika sauti tu na si mtu, wekeni sauti ya mtu mzima aliye hai, tuone." Nikamwambia vizuri, njoo uweke yako. Akarudi nyuma mpaka akagonga rafu ya karatasi. Jirani zenu walitazama dari. Baba yako mdogo alisema yeye koo lake bovu. Baba Shabir alifungua mdomo, akawafikiria watoto wake, akaufunga. Simlaumu.

Unanijua mimi. Nikiona mjusi chumbani nalala kwa jirani. Siku ile sikuwa jasiri, naapa, niliogopa kuliko wote mle ndani, lakini niliogopa zaidi kumrudisha mama yako Samuye na jambo halijaisha. Nikafungua faili la Kamba mahali sauti inapoitwa. Na pale, katikati ya amri zako, ulikuwa umeacha mstari ambao mashine inauruka, mtu tu ndiye anayeusoma: Mile, ukifika hapa jua umekuja kuharibu. Weka nakala kwanza, mdogo wangu. Nililia mbele ya wageni. Halafu nikaweka nakala, kama ulivyosema. Mahali ilipo siandiki, maana barua hii itasomwa na walio hai.

Nikachukua maiki ya Shabir nikasema maneno yako kwa sauti yangu. Yalitetemeka. Nikabonyeza, Kamba ikakaza, na mimi nikajisikia kutoka kwenye rafu huku nimesimama chini yake. Vinyweleo vilinisimama mwili mzima. Baba yako mdogo alitafakari, akasema haya, tumeona. Lakini akaweka sharti, kwa sababu watu wa kijijini watamuuliza. Binti huyu akifika mavuno yuko hai, maneno yaishe na mama aachwe. Akiondoka kabla, basi tutajua sauti ikiingia humo mwenyewe hakai, na mama hatakuwa na wa kumtetea. Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayepanga siku ya kuchota maji.

Kwa hiyo tangu siku ile kazi yangu ni kutokufa. Hujui inavyochosha. Navuka barabara kama kikongwe. Nachemsha maji mpaka Baba Shabir anauliza kama nachemsha mawe. Nanunua dawa ya mbu na kulala ndani ya chandarua nimejipinda kama mimba. Saa tisa kila siku naisikia sauti yangu ikitangaza kwamba salama tu, na kila siku najikagua kwanza kama ni kweli. Maduhu anapita hapa asubuhi anasimama mlangoni, ananitazama kuanzia miguuni, anaondoka. Sidhani ana nia mbaya. Nadhani halali usingizi, anataka nife ili awe hakukosea, na anataka nisife ili mama yako aishi, na hajui aombe lipi. Mama yako nilimsihi ahamie kwangu Shinyanga. Alikataa. Nani atafungulia ng'ombe, alisema, na nani atafagia pale ulipolala?

Mahindi sasa yameanza kukauka mashambani. Nilikuwa nimeanza kupumua. Jana mchana nikahisi maungo yanauma, nikajidanganya ni kiti. Jioni baridi ikaniingia. Leo asubuhi Maduhu alikuja kama kawaida, na mimi nilikuwa nimeegemea kaunta, jasho linanitoka na meno yanagongana, sweta mpaka kidevuni. Alinitazama muda mrefu. Alipanda baiskeli yake akashika njia ya Tinde, njia ya kwenda kwenu.

Hospitali ni hapo tu, unaijua. Tangu jana sikuthubutu kwenda, maana kwenye benchi la foleni hakukosekani mtu wa Samuye, na akishaniona natetemeka habari itafika kabla sijapimwa damu. Nikameza Panadol. Kila nikimeza nakuona wewe, Kalangalala kule Geita, ukimfungia mteja Kamba huku unaungua mwili mzima. Nilikupigia simu nikusihi uende hospitali, ukaniambia, "Nikimaliza hii." Ulirudi umelazwa kwenye viti vya nyuma vya basi. Sijawahi kukukasirikia kwa hilo mpaka leo. Leo nimekukasirikia sana, kaka. Ulikuwa unaijali laini ya watu kuliko damu yako, ukatuachia haya.

Baba Shabir alipoona Maduhu ameondoka vile, alinigusa paji la uso, akachukua ufunguo wa pikapu. Alimwambia mke wake anakwenda kununua choroko. Amekwenda kumchukua mama yako kabla habari haijafika kijijini. Ndiyo maana niko hapa peke yangu naandika, nikisikiliza kila gari linalopunguza mwendo. Sijui kama amemwahi Maduhu. Sijui kama mama yako atakubali kupanda. Nikiacha kuandika nasikia damu masikioni, basi naandika.

Ulikuwa unaniambia kila mashine ilipogoma, "Usiogope, Mile. Soma kwanza inasema nini, ndipo uogope." Nimesoma. Inasema homa, na homa ina dawa, na wewe hukufa kwa kuchukuliwa na mtu, ulikufa kwa kuchelewa. Nimeyaandika haya ili nikianza kuweweseka awepo wa kuwasomea watu wa Samuye.

Nimeacha kidogo, sasa nimerudi. Mwandiko utaona umeharibika.

Pikapu imefika. Wakirudi walimpita Maduhu njiani anasukuma baiskeli, gurudumu limetoka upepo, na Baba Shabir anasema yeye hakutazama pembeni. Lakini atafika leo, na jioni kijiji chote kitajua kwamba mimi naumwa na kwamba mama yako hayupo nyumbani. Wataunganisha wenyewe. Nyumba yake imebaki na ng'ombe na kapu la vitunguu, na sijui kesho tutasikia nini.

Alipoingia dukani ilikuwa saa tisa inakaribia. Alikuwa na kitenge alichokuwa amejifunga jikoni, hakupewa nafasi ya kubadili. Nilitaka kumwambia ajifiche ndani, nilitaka kumwambia nimepona, nilikuwa nimeshaandaa uongo wenye mpangilio mzuri. Modemu ikachukua laini. Ikakwaruza, ikanyamaza. "Mhola duhu," ikasema sauti yangu kutoka kwenye rafu, ile ya kutetemeka.

Mama yako hakuitazama rafu. Alinitazama mimi. Akaniwekea kiganja shingoni, akauliza taratibu, kama vile ndiyo kwanza tunakutana, "Mhola, ng'wanone?"

Nikamwambia hapana, mayu, mama yangu. Naumwa, na naogopa.

"Haya," akasema. "Twende."

Yuko nje kwenye pikapu sasa, Baba Shabir hajazima injini. Tutapita katikati ya mji, yeye na macho yake na mimi na sweta langu, tutakaa kwenye benchi lile lile la foleni, na anayetaka kutuona atuone. Bado naogopa. Naogopa sindano, naogopa usiku huu, naogopa barabara ya Samuye. Sikuahidi kwamba nitafika mavuno, maana hilo halimo mikononi mwangu. Nakuahidi hili tu, kwamba mama yako akiniita nitaitika, na jibu litakuwa la kweli siku hiyo, hata kama si salama.

Lala, kaka. Huku juu kamba nimeishika.

Mdogo wako,
Milembe